Vifaranga wa samoni na trauti: dalili, sababu na hatua za kuchukua tangu kuanguliwa hadi mlo wa kwanza

Mtu akiniambia vifaranga wake wamelala chini hawasogei, kwanza humuuliza: wameanguliwa lini, na maji yana nyuzi ngapi? Kifaranga wa samoni au trauti, samaki wa maji baridi, aliyelala chini siku ya tano yu mzima wa afya. Aliyelala chini wiki ambayo wenzake wanapanda juu kutafuta chakula yumo hatarini. Vivyo hivyo, anayepanda juu siku ya tano anatafuta hewa, na anayepanda juu kiini cha yai alichobeba tumboni kikiwa kimekaribia kwisha ametimiza wakati wake. Tendo ni moja, maana ni mbili, na kinachozitenganisha ni umri. Nimeona watu wakitia dawa kwenye trei ya vifaranga wasio na ugonjwa wowote, kwa kuwa tu hawakujua wamefikia hatua gani, na dawa hiyo ndiyo iliyowamaliza.

Umri hauhesabiwi kwa siku

Joto la mwili wa samaki linafuata maji, na ukuaji wake vilevile. Kwa hiyo watotoleshaji huhesabu nyuzi-siku: unaandika halijoto ya maji kila siku, kisha unajumlisha. Siku 10 katika maji ya nyuzi 8 za Selsiasi ni nyuzi-siku 80. Tangu yai kurutubishwa, trauti wa upinde wa mvua huanguliwa kwenye takriban nyuzi-siku 300 hadi 350, trauti wa kahawia baada ya 400 na ushee, na samoni wa Atlantiki karibu na 500. Kutoka kuanguliwa hadi kupanda juu kula, trauti wa upinde wa mvua huhitaji kama 150 hadi 200 zaidi, na samoni wa Atlantiki kama 300. Namba hizi huyumba kidogo kufuatana na ukoo wa samaki na ubaridi wa maji, lakini zinatosha kukuonyesha kama tabia unayoiona imekuja kwa wakati wake.

Huna daftari la halijoto? Litazame tumbo la kifaranga. Mfuko wa kiini ukiwa mkubwa na wa mviringo, bado ni mchanga kabisa. Ukiwa umepungua na kurefuka, yuko katikati. Ukibaki mstari mwembamba tu wa rangi ya chungwa katikati ya tumbo linalojifunga, yuko mlangoni mwa mlo wa kwanza.

Maji yana povu, na trei imefurika

Mara nyingi hii ni habari njema. Tezi ndogo za kifaranga hutoa kimeng'enya kinacholainisha ganda la yai kabla hajalipasua, na umajimaji huo hutoa povu. Hatari iko kwenye maganda, kwa sababu huelea, hujazana kwenye wavu wa kutokea maji, maji hupanda, na vifaranga huchukuliwa na mafuriko. Safisha wavu huo mara nyingi kwa siku, usiku pia, mpaka kundi lote litoke. Kuanguliwa huchukua siku kadhaa, usiwahimize waliochelewa.

Kama wameanza kutoka mapema kuliko hesabu yako, pima oksijeni. Mayai yaliyokosa hewa huanguliwa kabla ya wakati, na vifaranga hutoka wakiwa wadogo na dhaifu. Kama oksijeni ni nzuri, kipimajoto chako huenda kinadanganya. Kilinganishe na kingine.

Wamejazana kwenye kona kama nyuki

Kwa kifaranga mchanga hili ni umbile lake. Kule mtoni mama alifukia mayai chini ya changarawe, na kifaranga anazaliwa akitegemea kuwa gizani, amebanwa na mawe pande zote. Ndani ya trei tupu hakuna mawe, kwa hiyo mwenzake ndiye anageuka jiwe la kuegemea. Anakimbia mwanga, anafuata kona, anajisukuma chini ya kundi. Analala ubavu kwa sababu mfuko umemzidi uzito.

Lakini tabia njema inaweza kuua. Katika siku hizi za mwanzo matamvua hayajakomaa, na sehemu kubwa ya oksijeni huingia kupitia ngozi na mishipa ya damu iliyotanda juu ya mfuko wa kiini. Mapezi ya kifuani hupepea bila kupumzika ili maji yapite mwilini. Wakirundikana tabaka tatu nne, wa chini hawafikiwi na maji mapya. Ukifunua kundi asubuhi ukakuta weupe waliokufa chini kabisa huku wa juu wako hai, hiyo ni ishara ya kukosa hewa, na ni bure kutafuta ugonjwa.

Punguza idadi kwenye trei, au sambaza mtiririko ili maji yaingie kutokea chini au kwa upana wote badala ya tundu moja. Funika trei iwe giza sawasawa. Kona moja ikiwa na kivuli na nyingine haina, wote watakwenda kwenye kivuli. Kisha wape kitu cha kuegemea: changarawe safi, au mkeka wa plastiki wenye manyoya kama nyasi. Ningeshauri hili kabla ya jambo lingine lolote, na sababu zake ziko katika sehemu inayofuata.

Wanahangaika, wanapanda juu kabla ya wakati

Kifaranga mwenye mfuko mkubwa hana kazi ila kutulia. Kiini ni akiba isiyoongezwa: kila anapopiga mkia bila sababu anakula nyama ambayo angeijenga mwilini. Vifaranga waliolelewa kwenye sakafu tupu, chini ya taa, hutumia kiini kingi kujisawazisha na kukimbiakimbia, na hufikia mlo wa kwanza wakiwa wadogo kuliko ndugu zao wa mama mmoja waliolala kwenye changarawe gizani. Mfuko nao, ukisuguliwa kwenye sakafu ngumu, huweza kubanwa katikati na kufanya fundo nyuma, na sehemu iliyokatika humfia mwilini.

Kwa hiyo ukiona trei nzima inachemka, fuata mpangilio huu, kwa sababu unaanza na kinachotokea mara nyingi na kurekebishika kwa dakika moja.

Zima taa na ufunike. Rudi baada ya nusu saa, ufunue upande mmoja kidogo. Wakiwa wametulia, umepata jibu. Mwanga unaopenya kwenye ufa wa kifuniko unatosha kuwatesa siku nzima.

Wasipotulia, pima oksijeni mahali maji yanapotokea, usipime yanapoingia. Maji ya nyuzi 10 yaliyoshiba hewa hubeba takriban miligramu 11.3 kwa lita. Ya nyuzi 5, karibu 12.8, ya nyuzi 15, kama 10.1. Yakitoka chini ya 7, vifaranga wanadhikika hata kama yaliingia vizuri. Ongeza mtiririko au punguza idadi.

Oksijeni ikiwa sawa, angalia sakafu na mitikisiko: pampu iliyogusa meza ya trei, mlango unaobamizwa, watu wanaopita wakigonga. Baadaye ndipo ushuku kemikali. Klorini ya maji ya bomba huwaua haraka, na hupigwa vita kwa chujio la mkaa au kwa thiosalfeti ya sodiamu. Shaba kutoka mabomba mapya na zinki kutoka mabati huua polepole, hasa kwenye maji mepesi yasiyo na chokaa. Amonia isiyo na chaji, ile sumu itokayo kwenye taka za samaki wenyewe, inapaswa kubaki chini ya miligramu 0.0125 kwa lita.

Mfuko wa kiini umebadilika sura

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu dalili nne tofauti huitwa jina moja na watu wanaoanza, na dawa ya moja haisaidii nyingine. Weka kifaranga kwenye kisahani cheupe chenye maji ya trei ileile, mtazame kwa kioo cha kukuzia, mrudishe ndani ya dakika moja.

Doa jeupe ndani ya kiini: hicho ni kiini kilichoganda kama ute wa yai uliopikwa. Ngozi ya mfuko imejeruhiwa, au kifaranga amepata mshtuko. Jiulize kama mayai yalitikiswa, kama halijoto iliruka ghafla, kama kuna metali kwenye maji, kama gesi imezidi. Aliye na doa dogo anaweza kupona akaendelea. Doa kubwa kwa kawaida humwishia hapo. Kilichoganda hakiyeyuki tena, kazi yako ni kuzuia wengine wasipate.

Mfuko umevimba, una majimaji yenye rangi ya samawati: huu ndio uvimbe wa samawati. Chanzo cha kawaida kwenye trei ni maji yasiyobadilishwa vya kutosha, uchafu wa vifaranga wenyewe kujikusanya na hewa kupungua. Mayai yaliyokaa tumboni mwa mama mpaka yakaiva kupita kiasi nayo huzaa vifaranga wa namna hii. Sumu ya dioksini huleta sura hiyohiyo. Inaaminika ilichangia kuwaua vifaranga wa trauti wa Ziwa Ontario, Amerika Kaskazini, katika karne ya 20. Ongeza mtiririko mara moja. Ukiona trei ya chini tu ndiyo yenye uvimbe, wakati maji yanashuka kutoka trei ya juu, huna haja ya maabara: wa chini wanakunywa taka za wa juu.

Viputo ndani ya mfuko, mdomoni au chini ya ngozi, na vifaranga wanaelea tumbo juu au wananing'inia kichwa juu: gesi imezidi kwenye maji. Hakikisha kwanza kiputo kiko ndani ya mwili, kwa sababu viputo vya kawaida huganda nje na kutoka ukimgusa kwa manyoya. Sababu tatu hujirudia: maji ya kisima yanayotoka ardhini na naitrojeni nyingi; pampu inayovuta hewa kupitia kiungio kilicholegea; na kupasha maji moto bila kuyapa nafasi ya kupumua. Hii ya tatu huwapata watu makini kabisa. Rudi kwenye zile namba za oksijeni: maji yaliyoshiba kwa nyuzi 5, ukiyapeleka nyuzi 10, yanakuwa yamebeba takriban asilimia 13 kuliko yanavyoweza kushika, na ziada hiyo itatafuta kutokea ndani ya damu ya kifaranga. Yamwage maji juu ya sahani zenye matundu au mnara wenye vipande vya plastiki kabla hayajafika kwenye trei. Kuongeza jiwe la viputo ndani ya trei si tiba.

Rangi ya mfuko imefifia, manjano badala ya chungwa: mara nyingi huu si ugonjwa. Rangi hiyo hutoka kwenye karotenoidi, yaani rangi za asili za chakula, alizokula mama. Mama wa chakula tofauti, kiini cha rangi tofauti.

Wanazunguka kama parafujo

Dalili hii hunisumbua kuliko zote, na hapa umri ndio unaamua karibu kila kitu.

Akizunguka mmoja au wawili katika kundi kubwa, angalia mgongo. Kifaranga aliyepinda hawezi kwenda ila kwa mzunguko, na kila kundi huwa na wachache hivyo, pamoja na pacha walioungana tumboni ambao hawaishi kiini kikiisha. Wakiwa wengi, chunguza jinsi mayai yalivyolelewa. Mayai ya samoni wa Atlantiki hayapendi maji ya zaidi ya nyuzi 8. Kasoro za uti wa mgongo na moyo huongezeka hapo.

Wakizunguka wengi, migongo ikiwa imenyooka, kati ya kuanguliwa na mlo wa kwanza, wakipoteza usawa, wakiruka ukiwagusa kisha wakilala kama wamekufa: fikiria upungufu wa thiamini, yaani vitamini B1. Kosa haliko kwenye maji yako. Liko kwenye chakula alichokula mama. Katika Bahari ya Baltiki hali hii inaitwa M74, kwa kuwa ilionekana kwa samoni mwaka 1974. Kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini imehusishwa na samoni na trauti waliokula samaki aitwaye alewife, ambaye ana kimeng'enya kinachovunja thiamini. Mapema mwaka 2020 vituo vya kutotolesha vya California viliona vifaranga wa samoni wa Chinook wakizunguka vivyo hivyo, wazazi wao wakiwa wamekula dagaa aina ya anchovi kwa wingi baharini.

Kuna faraja hapa: vifaranga wakiogeshwa kwenye maji yenye thiamini, wengi hurejea kuogelea vizuri ndani ya saa chache, na kupona huko kwenyewe ni kipimo cha ugonjwa. Pata kiwango kutoka kwa daktari wa samaki, na uangalie asidi ya maji, maana thiamini inayouzwa kwa kawaida huyafanya kuwa makali. Kama unatarajia tatizo mwakani, mama huchomwa sindano ya thiamini kabla ya kutaga.

Wakizunguka baada ya kula kwa wiki kadhaa, mikia ikiwa imegeuka myeusi: sasa unashuku kimelea Myxobolus cerebralis, anayeishi pia ndani ya mnyoo mdogo wa matope, na hushambulia gegedu la samaki mchanga. Dalili huja kama siku 35 hadi 80 baada ya maambukizi, kwa hiyo kifaranga wa juzi hawezi kuwa nazo. Trauti wa upinde wa mvua huathirika vibaya. Wa kahawia hubeba kimelea bila kuumia sana. Hana dawa. Usihamishe samaki hata mmoja kutoka hapo, toa taarifa kwa mamlaka ya uvuvi, na lea kundi linalofuata kwa maji ya chemchemi au kisima kwenye matangi yasiyo na tope.

Wakati umefika, lakini hawapandi. Au wanapanda na kuzama tena

Hesabu imetimia, tumbo limejifunga, na bado wamelala. Ongeza mwanga polepole. Ulikuwa adui, sasa wanauhitaji, kwa sababu watawinda kwa macho. Angalia pia kina na mkondo: mkondo mkali huwabandika kwenye wavu. Kumbuka kwamba katika changarawe kifaranga hupanda hasa usiku, kwa hiyo wengine wataonekana kwako alfajiri.

Wanaopanda kwa juhudi, mkia chini, kisha wakazama wakiacha kupiga mkia, hawajajaza kibofu cha hewa. Samoni na trauti hukijaza kwa kugugumia hewa juu ya maji, mara ya kwanza katika siku hizi. Utando wa mafuta, mara nyingi kutoka kwenye chakula kilichowahishwa, au kifuniko kinachogusa maji, huwazuia. Futa uso wa maji kwa karatasi, au acha maji yatokee kwa juu ili yabebe utando. Wengi hujirekebisha.

Wakigeuka wote kuelekea maji yanapoingia, usistuke: kukabili mkondo ni umbile lao. Baadhi ya jamii za samoni mwekundu, ambao mito yao hutoka ziwani badala ya kuingia, huzaliwa na hamu ya kupanda juu dhidi ya maji ili wafike ziwa lao. Lakini wakijazana hapo huku vifuniko vya matamvua viko wazi na wanahema, pima oksijeni, kisha tazama kama mabaki ya chakula yameyachafua matamvua.

Hawali, vichwa vinakua, miili inabaki sindano

Kifaranga wa namna hiyo alikosa dirisha lake. Baada ya kiini kwisha kuna siku chache ambazo akila anaishi. Zikipita, hata chakula kikimgonga mdomoni hakitafuti tena. Huwezi kumrudisha.

Kuwahisha nako kunaumiza: chakula kinachozama bila kuliwa huoza kati ya vifaranga ambao bado wamelala. Mimi husubiri karibu nusu ya kundi iwe imepanda, huku mstari wa kiini bado ukionekana, kisha hunyunyiza chembe chache kwenye mkondo. Wawili watatu wakizifuata, nimeanza. Chembe ziwe kama milimita 0.4 hadi 0.6, kidogo sana kila mara, kila saa ya mwanga ukiweza. Nyonya mabaki kwa mpira kila jioni. Kwa samoni wa Atlantiki, maji ya baridi sana hufanya mwanzo huu kuwa mzito. Nyuzi 10 na zaidi humsaidia kushika chakula.

Wanang'atana mapezi na macho

Ndani ya siku chache baada ya kupanda, trauti wa kahawia na samoni wa Atlantiki huanza kugawana ardhi. Kwenye kijito Black Brows Beck, kaskazini mwa Uingereza, utafiti wa miaka mingi juu ya trauti wa kahawia ulionyesha kwamba vifo vinavyotegemea wingi wa samaki hutokea katika wiki za kwanza tu baada ya kutoka changaraweni: asiyepata sehemu huchukuliwa na maji, na wengi wa hao hufa. Tangini hakuna pa kuchukuliwa, kwa hiyo aliyeshindwa hung'atwa.

Cha ajabu, kupunguza idadi sana kunaweza kuzidisha ugomvi, kwa sababu kila mmoja anaweza kulinda kipande chake. Tafuta kwanza njaa: chakula kikimwagwa mahali pamoja, mwenye nguvu hukimiliki. Kisambaze upana wote, panga samaki kwa ukubwa, na mkondo uwe wa kuwafanya waogelee.

Waliokufa, na kuvu

Ondoa kila siku. Kuvu jamii ya Saprolegnia huota kwenye yai au kifaranga mfu kama pamba, kisha hufikia walio hai. Usitumie kijani cha malakaiti, kimepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa katika nchi nyingi.

Ulizika mayai kijitoni, na hakuna aliyetoka

Usifukue. Subiri nyuzi-siku zikamilike, kisha nenda usiku na kurunzi hafifu, utazame kwenye maji ya kina kifupi ya kando, mkondo ulipolegea. Ukikosa kabisa, chukua kiganja cha changarawe karibu na kiota ukisuuze ndani ya ndoo. Maji yakichafuka kwa tope laini, umepata sababu: mchanga laini huziba njia za maji kati ya mawe, mayai hukosa hewa, na hata walioanguliwa hubaki wamefungiwa chini wasiweze kupanda. Mwaka unaofuata, kabla ya kuzika yai lolote, anza upande wa juu wa kijito, ushughulikie mahali tope hilo linapoingilia.